Jetoni Namba Kumi na Nne

Élisabethville, 6 Machi 1955

Mpwa wangu Régine,

Leo ninatimiza miaka ishirini na saba na siku tisa tangu niondoke Kasenga. Nimehesabu kwa kalenda ya misheni, maana kichwa changu siku hizi kinapenda kunipunguzia miaka. Sisi hapa tu wazima. Mguu wa mke wangu, shangazi yako Marie-Thérèse, umepungua uvimbe, na mahindi ya uani yamebeba vizuri. Mwambie dada yangu, mama yako, kwamba chumvi aliyoomba nitampa André, dereva wa lori la samaki, safari yake ijayo.

Mvua za mwaka huu zimekuja na radi nyingi. Mwezi uliopita radi ilizima njia yetu ya umeme mara nne. Wewe hujawahi kuiona kabini ninayofanyia kazi, basi nikueleze: ni uwanja wenye ua wa waya, pembeni ya barabara ya Luano, ambako umeme unaotoka kwenye maporomoko ya Lufira unafika ukiwa na nguvu ya kuua tembo, tunaupunguza, kisha unakwenda kwenye tanuri za shaba na kwenye nyumba za Wazungu. Sasa wanajenga nguzo nyingine kubwa zaidi, upande wa magharibi, zitakazoupeleka umeme mpaka Rhodesia. Nyumba yangu iko mita mia nne kutoka kabini, na ninakuandikia kwa taa ya mafuta.

Barua yako ya Januari nimeisoma. Unanikumbusha kwamba mwezi wa nane utatimia mwaka mmodi tangu mdogo wangu Pierre afe kazini, na kwamba Léonie, mjane wake, anangoja kufunguliwa. Unasema mimi ndiye ndugu wa kiume pekee aliyebaki wa tumbo moja na Pierre, kwa hiyo mkono wa kumkata ile kamba ya magome shingoni na kumfunga shanga nyeupe ni wangu. Najua desturi, mwanangu. Nitaomba likizo ya kiangazi.

Mjomba wako,
Donat Mutale


Kasenga, 17 Aprili 1955

Mjomba wangu mpendwa,

Barua yako imefika ikiwa imelowa. André aliiweka juu ya vipande vya barafu pamoja na mabaki ya samaki, kisha akaniambia: „Madamu, minakuletea barua ya baridi." Nimeianika kwenye kamba pamoja na nguo za watoto. Neno „Luano" limefutika kidogo lakini mengine yote nimeyasoma, hata pale ulipokata maneno mawili kwa kalamu. Mama anashukuru kwa chumvi ambayo hajaiona.

Huku Luapula imejaa na imeanza kushuka. Masista wamenipa darasa la kushona, wasichana kumi na tisa, na cherehani mbili ambazo moja ni ya kutazama tu.

Sasa Léonie. Unajua kwamba mjane mwenye kamba haweki chumvi kwenye chungu cha watu wengine. Lakini labda umesahau, kwa kukaa mjini, kwamba hata samaki aliyemkausha yeye hanunuliwi. Kila asubuhi anapanga samaki wake barazani kama wenzake, na kila jioni anawala yeye na watoto wake wawili. Nilimwambia, kwa heshima ya dada mkubwa, „Yaya Léonie, utanenepa kama mke wa chifu." Akacheka. Kisha akasema, „Minachoka samaki, Régine. Ningekula hata jiwe, kama muntu mwingine ndiye anapika."

Kuna jambo jingine. Mwenze, yule fundi wa mitumbwi mwenye kibanda karibu na gati, anamtaka. Amekuja kwa wazee kwa adabu, amekaa chini, amesema wazi. Wazee wamemjibu kwamba mwanamke bado ana mume mpaka kaka wa marehemu aje. Mwenze akasema atangoja mpaka mwezi wa nane. Ni mtu mwema mwenye mikono mikubwa, na watoto wa Léonie wanapanda mitumbwi yake bila kufukuzwa.

Swali moja, mjomba, na unijibu. Karatasi ya kampani tuliyoletewa inasema Pierre alipanda nguzo bila ruhusa, baada ya kazi kwisha. Pierre yupi huyo? Mjomba Pierre ambaye akija kwetu alikuwa anabisha hodi hata mlango ukiwa wazi? Wewe ulikuwa kabini siku ile. Ilikuwaje?

Mpwa wako,
Régine Kasonde


Élisabethville, 29 Mei 1955

Mpwa wangu Régine,

Nimefurahi kusikia habari za cherehani. Ile ya kutazama ifungue chini, usafishe kwa mafuta ya taa. Mara nyingi ugonjwa ni vumbi tu. Marie-Thérèse anakusalimu. Padre ametupatia gazeti la misheni la miezi mitatu kwa pamoja, na nimelisoma lote, hata bei za ng'ombe.

Unaniuliza juu ya kazi. Nitakueleza inavyofanyika. Njia ya umeme ikitakiwa kutengenezwa, inazimwa Jumapili asubuhi, siku ambayo tanuri hazili sana. Karibu na swichi kuna ubao wa mbao wenye misumari. Kila mtu anayekwenda kupanda nguzo anatundika hapo jetoni yake, kipande cha shaba chenye namba. Anaporudi, anaiondoa. Maadamu jetoni moja imebaki ubaoni, mlinzi wa ubao haruhusiwi kurudisha umeme, hata kama gavana mwenyewe anapiga simu. Kanuni imeandikwa kwa Kifaransa na imepigiliwa juu ya ubao: kila mtu ataondoa jetoni yake kwa mkono wake mwenyewe. Mimi ndiye mlinzi wa ubao. Nimekuwa mlinzi kwa miaka kumi na sita. Kanuni hiyo naijua kuliko Baba Yetu.

Kuhusu likizo, haikupatikana. Wanajenga kule upande wa Rhodesia na wanahitaji watu wote. Mwambie Léonie avumilie. Nampelekea kitambaa yadi nne, cha buluu, na watoto nawapelekea madaftari.

Mjomba wako,
Donat


Kasenga, 3 Julai 1955

Mjomba,

Sisi wazima. Mama anasalimu. Cherehani ilikuwa vumbi kweli.

Nitasema bila kuzunguka, na ukinikasirikia utanikasirikia kwa mbali. André alikwenda kabini kwako kuchukua kile kitambaa. Ulikuwa zamu ya ndani, akangoja na karani mlangoni. Karani akamwambia, „Muzee Donat? Ule balimupa wiki tatu. Alirudisha karatasi yeye mwenyewe." Wiki tatu za likizo, mjomba. Nilimwambia André anasema uongo, akaapa kwa tairi zake zote nne.

Sikumwambia Léonie. Nimempa kitambaa. Amekikunja, amekiweka sandukuni, kwa sababu mwenye kamba havai buluu.

Kama unaogopa barabara, au umechoka, au shangazi anakuhitaji, wazee wametafuta njia. Wamekaa siku nzima kwa ajili yako. Wamesema: ndugu akishindwa kufika, atume vazi lake, shati au koti, liwekwe mabegani mwa mwanamume mwingine wa ukoo, naye afunge shanga. Mkono utakuwa wako. Mzee Mwape alikumbusha kwamba hata Pierre alipooa alikuwa juu ya nguzo huko Jadotville, na wewe ndiye uliyesimama hapa na kupokea mkono wa Léonie kwa niaba yake. Wote waliona, wote walikula, na hakuna aliyesema ndoa ile ilikuwa pungufu. Ndugu ni ndugu.

Lakini vazi halisemi. Kwa hiyo, pamoja na koti, andika kwenye karatasi yale maneno ambayo mfungaji husema mbele ya watu kabla ya kukata kamba: Sina neno na kifo hiki, mkono wangu haumo. Maneno manane, nimeyahesabu. Yasomwe, basi, Léonie awe huru.

Mwenze amenunua mbao za kujenga nyumba ya pili. Lakini dada zake wa upande wa pili wa mto wamemletea jina la msichana mwingine, na wanamsumbua. Tafadhali. Kabla ya mwisho wa mwezi wa nane.

Régine


Élisabethville, 14 Agosti 1955

Mpwa wangu,

Baridi imetuumiza mwaka huu. Asubuhi kunakuwa na umande mweupe juu ya waya. Mdogo wa Marie-Thérèse amejifungua salama, mtoto wa kike.

Koti langu ninampa André. Ni lile la kazi, la kijivu. Kiwiko kimoja kimeshonwa, wazee wanisamehe.

Donat


Kasenga, 25 Septemba 1955

Mjomba Donat,

Koti limefika tarehe ishirini na moja ya mwezi wa nane. Mifuko yote nimeigeuza. Nimepapasa hata bitana. Karatasi haikuwemo.

Wazee walikusanyika, watu wamevaa, pombe imechujwa. Mzee Mwape akauliza, „Maneno iko wapi?" Nikasema yanakuja na lori lingine. Nimedanganya mbele ya wazee kwa ajili yako. Tukangoja lori la Jumatano, na la Jumamosi, na la wiki iliyofuata. Mjane amekaa kwenye mkeka siku zile tatu amenyoa kichwa, na koti lako limewekwa kwenye kiti mbele yake.

Mwenze amevuka mto tarehe kumi ya mwezi huu. Alikuja kuniaga mimi, si Léonie. Akasema, „Mutoto wangu, kungoja mutu alikufa, naweza. Kungoja mutu iko muzima na hataki kuandika, siwezi." Mbao zake amemuuzia Mgiriki anayenunua samaki.

Sitaki kitambaa kingine. Niambie tu kwa nini.

Régine


Élisabethville, 9 Oktoba 1955

Régine, mwanangu,

Nakuamkia wewe na mama yako. Habari za nyumbani nitaziacha leo.

Tarehe 22 Agosti ya mwaka jana, Jumapili, tulizima njia ya kusini saa kumi na mbili asubuhi. Watu kumi na wanne walitundika jetoni. Pierre alitundika yake mwisho, namba kumi na nne, na kwa mzaha akanibonyeza pua kwa kidole chenye grisi. „Yaya, chunga hii, iko dhahabu." Nilimwambia atoke mbele yangu.

Saa tano kasoro robo walirudi kwa lori. Waliingia mmoja mmoja, kila mtu akaondoa yake. Simu ilikuwa imeanza kulia tangu saa nne na nusu. Mzungu wa kituo kikuu alisema shaba inaanza kupoa katika tanuri moja, na ikiganda humo ndani itavunjwa kwa nyundo mwezi mzima. Ubaoni ilibaki namba kumi na nne. Nilimuuliza kapita, msimamizi wa watu wa nguzo, „Pierre yuko wapi?" Akasema, „Hapa nje, anafunga kamba za lori. Wote wako chini." Nikamwambia amwite. Simu ikalia tena. Kapita akanitazama, akacheka: „Muzee, ni ya mudogo yako. Weye haiko mukono yake?"

Ningetaka kukuandikia kwamba nilisita. Sikusita. Nakumbuka hata nilijisikia vizuri, kama mtu aliyeambiwa jambo la heshima. Nimejibu kwa niaba ya Pierre kwenye hesabu ya kodi. Nimesimama kwa niaba yake kwenye ndoa, kama Mzee Mwape anavyokumbuka. Mkono wangu ulikwenda kwenye msumari peke yake. Nikaiweka jetoni mfukoni, nikasema kwenye simu kwamba njia ni safi, nikarudisha umeme.

Pierre hakuwa nje. Alikuwa amerudi kwenye nguzo ya tatu, ng'ambo ya kijito, kuchukua mkanda wake alioutundika juu akausahau, na kapita alihesabu vichwa kwenye lori bila kuhesabu vizuri. Kutoka kabini nguzo ile haionekani.

Mshale wa saa ya kupimia umeme ulipanda, ukatetemeka, ukaanguka. Swichi ikajizima yenyewe. Ndivyo inavyofanya njia ikigusa kitu: tawi, ndege, nyani. Simu ikasema: jaribu mara ya pili. Hiyo ndiyo desturi ya kazi, kwa sababu mara nyingi tawi linakuwa limekwisha kuungua na njia imepona. Nikarudisha mara ya pili.

Régine, nakuomba usimsomee Léonie mstari huo. Au msomee. Sijui.

Walipokuja kuuliza, bwana mmoja mwenye miwani, mpole, aliniuliza kwa Kifaransa: nani aliondoa namba kumi na nne? Nikasema: mwenyewe. Kapita alikuwa amesimama karibu nami, akainamisha kichwa kama anayekubali. Bwana yule akaandika. Akaniletea, nikasoma yote kwa makini kama ninavyosoma kila kitu, nikatia sahihi. Kwa hiyo karatasi mliyoletewa, inayosema Pierre alipanda bila ruhusa, imetoka kinywani mwangu.

Sasa unajua kwa nini nilirudisha ile likizo, na kwa nini mfuko wa koti ulikuwa mtupu. Nilijaribu kuyaandika yale maneno manane. Niliyaandika kwenye karatasi nne na kuzichoma zote. Ningeweza kumdanganya yule bwana wa miwani, na nilimdanganya. Kumfunga Léonie shanga kwa maneno yale, huku nikijua kamba bado iko pale pale shingoni, nilishindwa. Nilidhani kunyamaza kutakuwa dhambi ndogo zaidi. Sikumhesabu Mwenze.

Wiki iliyopita nilikwenda kwenye ofisi, nikasema nataka kubadilisha neno langu. Walikuwa na adabu. Yule bwana wa miwani amerudi kwao Ulaya. Karani alifungua sanduku la chuma, akanionyesha faili: limepigwa mhuri, limefungwa. „Muzee, nani anafungua kitu imefungwa? Rudi kazini." Nikarudi kazini. Kapita amehamishiwa Kolwezi.

Wasomee wazee barua hii.

Donat Mutale


Kasenga, 4 Desemba 1955

Mjomba,

Nimechelewa kwa sababu sikujua jinsi ya kuanza. Mama ni mgonjwa tangu nilipomsomea. Hali chakula, lakini anakunywa maji.

Wazee wamesikia yote. Hawakupiga kelele. Mzee Mwape akasema: ndugu wa kiume wa tumbo moja amebaki mmoja, na mkono wake umo katika kifo, mkono huo hauwezi kufungua, na maadamu uko hai hauwezi kurithiwa na mwingine. Léonie atafunguliwa siku utakapozikwa wewe. Ndivyo walivyoamua. Nilisema ni uonevu, padre naye akaja akasema ni ushenzi na kwamba mjane yuko huru mbele ya Mungu. Watu waliitikia „Ndiyo, mon père." Kesho yake hakuna aliyenunua samaki wake.

Nilimsomea Léonie mwenyewe, nyumbani kwake, mstari kwa mstari. Ule mstari pia, kwa sababu aliona macho yangu yameuruka akaniambia, „Rudi nyuma." Alipomaliza kusikia alitaka mambo mawili. Kwanza: kati ya mara ya kwanza na ya pili, ulipita muda gani? Nilimwambia nitakuuliza wewe. Pili alisema hivi, na nimeandika kama alivyosema:

„Shanga sitaki tena. Kama ni kukaa na kamba, nitakaa. Lakini shemeji akuje. Asimame hapa mulangoni, aniambie kwa kinywa yake. Mimi si faili."

Njoo, mjomba. Sikuombei msamaha kwake, wala sijui kama upo. Njoo tu usimame mlangoni.

Régine


Kasomeno, 8 Januari 1956

Régine,

Nakuandikia juu ya gunia la chumvi, katika duka la mtu nisiyemjua. Chumvi ni ya mama yako. Natumaini ameanza kula.

Nilipanda lori la André jana asubuhi kuja kwenu. Nilivaa shati jeupe. Njiani alinisimulia habari za barafu na Wagiriki, nami nilimwitikia. Tulifika hapa saa sita, akasimama kupoza injini, na wanawake wakaja kuuza samaki waliokaushwa. Mmoja alikuwa na kamba shingoni. Hakuwa Léonie, ni mwanamke mzee, hafanani naye hata kidogo. Watu wote walinunua kwa wenzake wakampita. Aliinua macho akanionyesha samaki, mimi peke yangu, labda kwa sababu alijua mimi ni mgeni. Nilishuka kwenye lori, nikanunua samaki wake. Nilipogeuka kupanda tena, miguu haikupanda. André alipiga honi, kisha alishuka akanishika mkono: „Muzee, tunabakisha njia kidogo tu." Nikamwambia aende.

Jibu la swali la Léonie: sekunde arobaini. Niliandika katika daftari la kazi siku ile, saa na dakika na sekunde, kama inavyotakiwa. Katika sekunde hizo nilikuwa natazama mshale na kusikiliza simu. Sikufikiri juu ya mtu yeyote.

Nimekaa hapa tangu jana nikitafuta namna ya kusimama kwenye mlango ule, na sikuipata. Daktari wa kampani ananiambia moyo wangu ni mzuri na nitaishi miaka mingi. Mwambie Léonie hilo pia, kwa kuwa linamhusu.

Kuna lori la mkaa linalorudi Élisabethville mchana huu, na dereva amekubali kunichukua. Zamu yangu inaanza kesho saa kumi na mbili asubuhi. Barua hii na chumvi nimemwachia mwenye duka, André atazichukua akipita tena.

Sitarudi Kasenga.

Donat Mutale